Landrova Haioti Kutu, Walisema

Weka chini hilo kopo la pati kwanza, ndipo tuzungumze. Ndiyo, nasema na wewe unayejifunza kunyoosha bodi za magari leo, uwe Kihonda, uwe Msamvu, uwe popote ambako gari bovu linaingia asubuhi na jioni linatoka linang'aa kama bibi harusi. Najua mnavyonisema. Mnasema Fundi Skola ni mbishi, kichwa ngumu, bibi wa nyundo na gesi. Haya, semeni. Nimestaafu, magoti yananiuma, na macho yamechoka kwa ule mwanga wa kuchomelea ambao ujanani nilijidai siuogopi. Lakini ulimi wangu mzima, na leo mtanisikia.

Kutu haifichwi, wanangu. Ukiizibia juu kwa pati, umeitandikia kitanda. Italala humo, itakula, itanenepa, na siku itakapoamka wewe utakuwa umeshahama gereji na kubadilisha laini ya simu. Nawajua! Nimezifungua kazi zenu. Nimeshakuta mlango wa teksi umejazwa magazeti, juu ya magazeti pati, juu ya pati rangi ya kupendeza. Nilisimama pale nikasoma habari za mpira za miaka ya nyuma kabla sijaendelea na kazi.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Kibwana, Mluguru wa mjini, mtu wa swala tano na matusi mengi katikati. Nilipokwenda kumwomba kazi, mafundi wenzake walicheka mpaka wakashika matumbo. Mmoja akauliza, "Kibwana, umeajiri mpishi?" Mzee akamjibu, "Mpishi ni wewe, unayepika magari ya watu." Kesho yake akanipa brashi ya waya na bodi ya pikapu, akasema nisimwite mpaka nione chuma cheupe. Nilisugua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nilipomwita, akapitisha kidole kwenye kona moja tu, kona niliyodhani hataiona, kikatoka chekundu. Akaniangalia, akaenda zake kunywa kahawa. Nilirudia kazi yote huku namtukana kimoyomoyo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Unachukua nyundo ndogo, unagonga chuma taratibu, unasogea, unagonga tena. Chuma kizima kinaita. Kilicholiwa kinatoa sauti nzito, fupi, kama mtu anayegonga gunia. Mzee alinifunga kitambaa machoni, akanizungusha gari zima nagonga, huku mafundi wanapita wananiuliza kama natafuta mchumba. Nilitafuta kutu na nikaipata. Mchumba nilimpata baadaye, na yeye hakuwa na kutu nyingi.

Nati na bolti zilizoshikana tulizilowesha kwenye maji ya ukwaju. Msicheke. Ukwaju una ukali wake, na kutu haiupendi. Vitu vikubwa tulivizamisha kwenye pipa la molasi iliyochanganywa na maji, vikakaa humo wiki kadhaa, na pipa likinuka mpaka majirani wakalalamika. Chuma kilitoka kimevuliwa kutu yote, hakijakwaruzwa hata kidogo. Ila sikilizeni vizuri: ni chuma tu. Fundi mwenzetu mmoja, Athumani, mtu wa haraka, alisikia sifa za pipa akazamisha humo kabureta ya mteja. Kabureta si chuma, ni alumini. Alipokumbuka kwenda kuitoa, ilikuwa imetafunwa. Mzee Kibwana akaishika, akaichungulia, akasema, "Athumani, hii sasa ni chujio. Kampelekee mkeo achujie tui."

Mzee mwenyewe naye hakuwa malaika. Alitusimulia, huku anacheka mpaka anakohoa, kwamba siku za ujana wake alikata sakafu ya gari iliyooza, pande zote mbili kwa mpigo, bila kuweka vyuma vya kushikilia katikati. Gari likapinda pale pale. Milango ikagoma kufunga, ikabidi mwenye gari atembee nalo milango imefungwa kwa kamba. Kwa hiyo shikeni hili: kabla hujakata, shikilia. Chomelea vyuma vya muda, pima, pima tena, ndipo ukate.

Wala msidhani nachukia vitu vipya. Grenda naipenda. Mashine ya kuchomelea ya waya naipenda zaidi, haichomi bati jembamba kama zile za zamani. Kama ningekuwa nayo ujanani ningekuwa na vidole vizuri leo. Ninachochukia ni uongo, na uongo haujali kama chombo ni kipya au cha zamani.

Sasa niwasimulie Landrova ya mjomba, maana ndiyo iliyonitoa kwenye kustaafu, na ndiyo iliyonigombanisha na ukoo mzima.

Mjomba Pankrasi alikuwa kaka wa marehemu mama yangu. Aliishi juu Mgeta, milimani, na Landrova yake ya zamani, ile ya mraba, ndiyo iliyokuwa miguu ya kijiji. Ilishusha kabichi, karoti na viazi, ikapandisha sabuni, chumvi na mabati. Ilibeba maharusi, ilibeba majeneza, ilibeba wajawazito. Kila Krismasi mjomba aliipaka rangi ya kijani, kwa brashi, rangi ile ile ya madirisha ya nyumba yake. Rangi juu ya rangi, mpaka milango ikawa minene kama kuta.

Nilikuwa nikimwambia, "Mjomba, ilete mjini niichungulie chini." Anajibu nini? "Wewe nenda kanyooshe teksi zako. Landrova haioti kutu." Na kijiji kizima kinaitikia, haioti kutu, kama vile wako kanisani.

Ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo mbaya. Bodi ya Landrova ni alumini, haishiki kutu nyekundu. Lakini bodi hiyo imekalia chasisi, yale mabomba mawili marefu ya mraba yaliyo chini yanayobeba kila kitu, na chasisi ni chuma kama sufuria lenu la chuma. Inaoza kutoka ndani. Tope linaingia, maji yanakaa, na wewe uko nje unapaka kijani.

Masika moja mjomba akaugua ghafla. Wakamlaza kwenye Landrova yake mwenyewe kumteremsha hospitali. Mwanawe, Damasi, ndiye aliyekuwa anaendesha. Kwenye kona ya daraja la mawe, pale njia inapojikunja juu ya korongo, chasisi ikakatika. Gari likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Damasi na vijana wakambeba mzee mabegani, katika mvua, kwenye tope la milimani. Hawakufika hata barabara kubwa. Alikata roho mikononi mwa mwanawe.

Tulimzika. Nililia, sitawaficha, nililia kwa uchungu na kwa hasira. Siku ya kumaliza msiba, ukoo umekaa uani, Damasi akaingia na mtu amebeba mizani. Mnunuzi wa chuma chakavu! Landrova ilikuwa imeburutwa hadi pale nyuma ya nyumba, imeinama upande mmoja, kuku wanalala ndani.

"Nimemleta alikate," Damasi akasema. "Gari hili lilimwacha baba njiani. Sitaki kuliona."

Mama mkubwa Gaudensia, dada mkubwa wa mjomba, ambaye akikohoa ukoo wote unanyamaza, akainua kiganja. "Damasi, mwanangu, unajua mila yetu. Mali ya mjomba ni ya wapwa, si ya watoto. Gari ni la Skola. Wewe huna la kukata hapo."

Nikamwangalia Damasi. Yeye ndiye aliyembeba. Mimi nilikuwa mjini. Na sasa ukoo unamwambia huna lako! Ningeweza kukaa kimya nikashinda. Lakini sikutaka kumshinda mtu aliyefiwa kwa kumkalia na mila. Nikasimama.

"Mama mkubwa, shikamoo yako naomba niiweke kando kidogo, nisemee kazi yangu," nikasema. "Gari halikumwacha mjomba. Kutu ndiyo iliyomwacha, na kutu inatengenezeka. Nipeni Landrova. Nitaishusha, nitaitengeneza, na nitaipandisha hapa ikiwa imebeba mzigo kamili, Damasi amekaa kando yangu. Ikishindwa kona ile, nitashika gesi mimi mwenyewe niikate mbele yenu, na huyu bwana wa mizani apime."

Watu wakaguna. Mjomba wangu mwingine akanong'ona, "Bibi mzima, magoti hayo!" Nikamwambia magoti hayachomelei. Mama mkubwa akanigeukia. "Umesema mbele ya ukoo," akasema. "Haya. Kabla ya masika yajayo."

Tukaishusha juu ya lori la kabichi hadi gereji ya Zuhura. Zuhura nilimfundisha mimi. Leo yeye ni bosi, ana mafundi wake, ana kibanda cha kupulizia rangi, na akinipa shikamoo mafundi wote wanasimama wima. Tukanyanyua bodi, tukaiweka pembeni. Nikachukua nyundo ndogo nikaanza kugonga chasisi.

Sehemu za mbele zikaitika vibaya, kama nilivyotarajia. Nilipofika katikati, pale ilipokatikia, sauti ikanichanganya. Haikuita, wala haikuwa na ule uzito wa kutu. Ilikuwa kama nagonga ukuta wa nyumba. Nikagonga tena. Nikamwita Zuhura. Akasikiliza, akaniangalia, akasema, "Fundi, humu ndani mna jiwe?"

Tukakata kidirisha kwa grenda. Saruji! Chasisi ilikuwa imejazwa saruji, wanangu. Mtu alisikia inalia, akaona tundu, akadhani nyumba na gari ni kitu kimoja, akakoroga saruji na mchanga akashindilia. Na saruji inanyonya maji kisha inayashika. Chuma kilichoizunguka kilikuwa kimekuwa kama maganda ya kitunguu, ukikigusa kinabanduka. Ndiyo maana ilikatika pale pale.

Nilikuwa nachomoa mabonge hayo kwa tindo Damasi alipoingia. Alikuja kutazama kama ninadanganya, na sikumlaumu. Nikampa bonge moja mkononi. Akaligeuza.

"Dada," akasema, "saruji hii nilimnunulia baba mimi mwenyewe. Aliniambia anataka kusakafia banda la nguruwe."

Nikamshika bega akalitoa. Nilidhani sasa atalainika. Wapi! Akalitupa bonge ukutani. "Basi ndiyo kabisa. Likate. Sasa hivi, likate!"

"Silikati."

"Unanitesa makusudi?"

"Damasi, hukujua. Na baba yako hakujua. Alitaka liendelee kubeba watu, akafanya alichokiona kwa wajenzi. Ukilikata leo, kila ukilala utaisikia saruji. Mimi nataka ulisikie likipanda."

Akaondoka bila kuaga. Zuhura akanipa maji nikae. Kisha akaniambia jambo ambalo mtu mwingine angeliita busara. "Fundi, umeahidi kupanda mara moja. Tuweke vibati juu, tuchomelee, tupake nyeusi. Itapanda mara moja. Masika yako mlangoni na magoti yako yanakuuma."

Nilimpenda kwa kunihurumia, na nilimfokea mpaka mafundi wakazima mashine. Mara moja! Na mara ya pili, na mjamzito ndani? Mimi sikutoka kwenye kiti changu cha uzeeni kwenda kushinda ubishi. Zuhura akacheka, akafunga kilemba vizuri, akasema, "Haya bibi, tukate."

Sasa mwenye kalamu aandike, asiye nayo afungue masikio. Tulitoa betri na tangi la mafuta kwanza, maana cheche haina adabu. Tukachomelea vyuma vya muda kushikilia chasisi isipinde. Tukakata kilichooza, na tukaendelea kukata mpaka kwenye chuma kilichoita. Hapo ndipo wengi mnapotia huruma: mnaona kinang'aa kidogo mnasema kinatosha. Ukichomelea juu ya kutu, moto unatema mate na kiungo kinashika kwa jina tu. Tulichora vipande kwenye boxi la karatasi ngumu, tukajaribisha, tukakata bati la unene ule ule wa zamani. Bati nene kupita kiasi ni ujinga pia. Linahamisha mkazo kwa jirani yake na jirani ndiye anayekatika. Tukachomelea kidogo hapa, kidogo kule, tukiacha chuma kipumue. Tukatoboa matundu chini ili maji yatoke, maana maji yataingia tu, mlima haukuombi ruhusa. Ndani tukamimina oili mpaka ikatiririka. Na kila mahali bodi ya alumini ilipokutana na chuma tukaweka kipande cha mpira wa tyubu, kwani alumini na chuma vikigusana penye unyevu vinatafunana.

Rangi ya mjomba tuliibandua tabaka kwa tabaka. Kijani, kijani, kijani. Nilimlilia tena hapo. Kisha tukaipaka kijani.

Siku ya kupanda, Damasi alikuja. Hakunisalimia vizuri, lakini alikuja. Tukapakia magunia ya mbolea na mabati mpaka springi zikanyooka. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya Uluguru. Niliendesha mwenyewe, nikamwachia Zuhura kiti cha pembeni, Damasi katikati yetu, magoti yake yakigonga gia kila nikibadilisha.

Kabla ya daraja la mawe mvua ikaanza. Tope lile jekundu likalainika. Nikaingiza gia ndogo, ya magurudumu yote. Damasi akashika dashibodi kwa mikono miwili. Kona ikafika, pua ya gari ikainuka, mzigo ukavuta nyuma, na nikasikia mlio mkali chini yetu, kraa!

"Simama!" Damasi akapiga kelele. "Simama dada!"

Nilisimama. Hapo hapo, kwenye mwinamo, korongo upande wa kushoto, nimekanyaga breki kwa mguu wenye goti bovu. Zuhura akampisha Damasi. Akashuka kwenye mvua, akalala chini kwenye tope, akaingia chini ya gari na shati lake la kanisani. Tukangoja. Nikaanza kufikiria ile gesi na maneno yangu mbele ya ukoo.

Akatoka amekuwa mwekundu mwili mzima. Mkononi ana tawi limevunjika.

"Ni mti," akasema. "Umekwama chini. Chasisi imenyooka." Akafuta macho, sijui mvua sijui nini. Kisha hakurudi ndani. Alizunguka nyuma, akapanda juu ya mabati, akashika chuma cha kubebea turubai, akasimama wima. Akagonga bodi kwa kiganja mara kadhaa kama wafanyavyo matingo.

"Twende, dada! Twende!"

Tukaenda. Ilipanda kona ile ikinguruma, ikatema tope, ikapita. Damasi nyuma anapiga mayowe, mimi mbele napiga vigelegele, Zuhura anatuambia sote ni wendawazimu.

Uani ukoo ulikuwa umekusanyika, Mama mkubwa amekaa mbele. Na yule bwana wa chuma chakavu naye alikuwepo! Alipanda kwa bodaboda asubuhi, amekaa juu ya mizani yake, ana uhakika wa mali. Damasi akaruka kutoka juu ya mzigo, tope tupu, akamwendea moja kwa moja. Nikadhani atampiga.

"Mzee, samahani kwa usumbufu," akasema. "Gari letu haliuzwi."

"Letu?" Mama mkubwa akauliza, ananiangalia mimi. Mila ilikuwa inasubiri jibu langu.

"Amesema letu, Mama mkubwa," nikasema. "Na mwenye kubisha aje abishane na mimi."

Hakuna aliyebisha. Ila yule bwana wa chuma akaanza kulalamika. Mvua imekolea, bodaboda wote wameteremka, na mizani ni nzito. Atashukaje mjini? Damasi akamwonyesha nyuma ya Landrova.

Kesho yake tulimshusha, yeye na mizani yake, juu ya magunia ya karoti. Tulipokaribia kona ya daraja la mawe nikamwona kwenye kioo ameng'ang'ania kile chuma cha turubai kwa mikono yote miwili, amefumba macho, anasali. Nikatoa kichwa dirishani.

"Usiogope, baba," nikamwambia. "Hicho unachoshika nimekichomelea mwenyewe."